Mpeni mwanafunzi chaki ya ubao wa kidijitali

Ukumbi wa mihadhara unaweza kufungwa ukutani skrini ya kugusa, pana kama godoro la sita kwa sita, na bado somo likabaki lile lile la enzi za chaki: mmoja anaandika, mia tatu wananakili. Nalisema hili sasa kwa sababu vyuo vikuu vyetu viko katika msimu wa kujenga na kununua. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, maarufu kama HEET, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa fedha za Benki ya Dunia zinazofikia dola milioni 425, unajenga majengo na kuimarisha TEHAMA katika vyuo vya umma nchini Tanzania, na kila panapoinuka ukumbi mpya lazima mtu aulize utawekwa ubao gani. Naona kuna swali linalotangulia hilo: nani ataandika? Ubao wa kidijitali una manufaa makubwa katika masomo ya chuo kikuu, nami nautetea. Lakini ninaoutetea hapa ni ule ukurasa mmoja wa pamoja ambao wanafunzi kumi, ishirini au hata mia tatu wanauandikia kwa wakati mmoja kwa simu au kompyuta, kila mmoja na yake au kikundi na moja, na kila alichoandika huyu mwenzake anakiona papo hapo. Skrini iliyo nyuma ya mhadhiri ikiwepo ni vizuri, isipokuwepo kozi haitakufa.

Tukumbuke kwamba hata ubao wa chaki haukuanza kama mali ya mwalimu peke yake. Katika chuo cha kijeshi cha West Point nchini Marekani, mapema karne ya 19, mwanafunzi ndiye aliyesimama ubaoni akachora na kueleza hesabu yake mbele ya wenzake. Wapo waliochukia. Mwaka 1830 wanafunzi wa Chuo cha Yale waligoma kufanya mtihani wa jiometri kwa sababu walitakiwa kuchora michoro ubaoni kutoka kichwani, ilhali walizoea kuitazama kitabuni; chuo kikawafukuza zaidi ya 40 kwa mpigo. Adhabu ilikuwa kali mno, lakini hasira ya vijana wale inatuambia jambo kuhusu kujifunza. Anayenakili anaweza kujaza daftari zima bila kuelewa hata mstari mmoja, na hakuna atakayejua mpaka siku ya mtihani. Anayechora mwenyewe huonekana pale alipokwama, na kubwa zaidi, hujiona mwenyewe. Kadiri madarasa yalivyofurika, chaki ilihamia mkononi mwa mwalimu ikakaa huko, na mwanafunzi akabaki na madesa.

Kwamba teknolojia mpya haiirudishi chaki hiyo kwa mwanafunzi yenyewe tu, Uingereza walishajifunza kwa gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ya huko ilitoa fedha nyingi kufunga mbao za kugusa mashuleni, zikiwemo sekondari za London. Tathmini ya Taasisi ya Elimu ya Chuo Kikuu cha London, iliyotolewa mwaka 2007, haikuona ongezeko la maana la ufaulu wa wanafunzi katika mwaka wa kwanza wa mbao hizo. Zile zilikuwa sekondari, na mwaka mmoja ni muda mfupi, kwa hiyo tusiitumie tathmini hiyo kama rungu. Hata hivyo sababu yake inaeleweka kirahisi. Mwalimu aliyezoea kusimama mbele na kueleza alipewa kifaa kinachomsaidia kusimama mbele na kueleza kwa mbwembwe zaidi. Mwanafunzi aliyekuwa anatazama akaendelea kutazama.

Ushahidi wa upande wa pili una nguvu kweli kweli, na unahusu vyuo vikuu moja kwa moja. Mwaka 2014 mtafiti Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha, katika kozi za sayansi, hisabati na uhandisi, madarasa ya mhadhara mtupu na yale ambayo wanafunzi wanafanya kazi darasani: wanajadiliana, wanatatua maswali, wanaelezana. Kwenye mihadhara mitupu waliofeli walikuwa asilimia 33.8, kwenye madarasa ya kushiriki, asilimia 21.8. Ziweke tarakimu hizo kwenye darasa la watu mia tatu: ni vijana thelathini na sita ambao wangefeli na hawakufeli. Kwa mzazi aliyeuza shamba, au kijana anayesoma kwa mkopo wa serikali, tofauti hiyo ni maisha. Na kilichowaokoa wengi wao hakikuwa kifaa. Ni kupewa nafasi ya kufikiri kwa sauti na wenzao wakati mwalimu bado yupo karibu.

Kama ni hivyo, ubao wa kidijitali wa nini? Si tuwape vijana dakika kumi wajadiliane, tuendelee? Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu, na naomba msomaji anivumilie kidogo. Wanafunzi wetu wanajua kusoma kwa pamoja kuliko wanavyosifiwa. Pita jioni kwenye vimbweta, zile meza na viti vya zege vilivyo chini ya miti vyuoni, utakuta diskasheni zimepamba moto, mmoja akiwafafanulia wenzake kile ambacho asubuhi ukumbini hakuna aliyethubutu kukiuliza. Somo lenyewe mara nyingi hueleweka pale. Tatizo ni kwamba diskasheni ya kimbweta ina mapungufu matatu. Anayeongea kwa sauti kubwa ndiye anayeongoza, hata kama amekosea, na wengine hubaki wakisubiri zamu. Kilichosemwa kinapeperuka, kikibaki ni mistari miwili kwenye daftari la mtu mmoja. Na mhadhiri haoni chochote. Anakuja kuona makosa ya darasa zima kwenye karatasi za mtihani, wakati muhula umeshakwisha.

Upungufu wa kwanza umechunguzwa sana. Mwaka 1987 wanasaikolojia Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha kwamba watu waliokaa pamoja wakitoa mawazo kwa kuzungumza huibua mawazo machache kuliko idadi hiyo hiyo ya watu wakifikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Sababu kubwa waliyoiona ni kusubiri zamu: wakati mwenzako anaongea, wazo lako linapoa, linasahaulika, au unaliona halina maana tena. Miaka mitano baadaye mtafiti Brent Gallupe na wenzake walionyesha kwamba makundi makubwa yanayoandika kwenye kompyuta kwa wakati mmoja huibua mawazo mengi kuliko makundi kama hayo yanayozungumza. Fanya hesabu ndogo. Darasa la wanafunzi mia tatu, kila mmoja akipewa dakika moja ya kusema, litahitaji saa tano. Kwenye ubao wa pamoja mia tatu hao wanaandika ndani ya dakika moja ile ile. Hapo ndipo ubao wa kidijitali unafanya kile ambacho ubao wa chaki, karatasi ya manila na hata mjadala mzuri haviwezi.

Tuutazame kwa karibu. Chukua kozi ya afya ya jamii, mada ni mlipuko wa kipindupindu katika mtaa wa mabondeni msimu wa masika. Mhadhiri ameandaa ubao wenye maboksi sitini, kila boksi na namba ya kikundi cha watu watano, na katikati ya kila moja ameandika neno moja tu: wagonjwa. Kazi ni kuchora mishale kutoka kwenye visababishi hadi kwenye neno hilo. Dakika tano za kwanza kikundi cha 14 kimeandika “uchafu” na kuchora mshale mmoja mnene. Kikundi cha 15, boksi la jirani, kimeandika kisima, choo cha shimo, mafuriko, muuza maji, barafu ya juisi, na mishale inapishana kama nyavu. Mmoja wa kikundi cha 14 anachungulia kwa jirani, anarudi, anafuta “uchafu” na kuuliza wenzake: uchafu gani, na unafikaje mdomoni? Swali hilo moja lina uzito kuliko slaidi kumi. Huku mbele mhadhiri anapitisha macho kwenye ubao wote na kuona kwamba vikundi vingi vimeusahau mkono wa mtu anayemuuguza mgonjwa nyumbani. Hana haja ya kusubiri mtihani. Anasimama, analizungumzia hilo dakika tatu, vikundi vinarudi kwenye maboksi yao kurekebisha. Na wiki ijayo, ubao upo vile vile.

Ipo faida nyingine inayotuhusu sana sisi, nayo ni ya lugha. Vyuo vikuu vya Tanzania vinafundisha kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi wanafikiri, wanabishana na kuelewana kwa Kiswahili. Katika ukumbi wa mihadhara mwanafunzi anayetaka kuuliza hubeba mizigo miwili: kuelewa jambo, na kulitamka kwa Kiingereza kisichochekwa. Wengi huamua kunyamaza. Kwenye ubao wa kikundi anaweza kuandika istilahi ya Kiingereza juu, na chini yake akaeleza kwa Kiswahili chake alivyoielewa, mwenzake akaongeza mfano, mwingine akasahihisha. Baadaye kikundi kinatafsiri hitimisho lao kwa pamoja. Nimeona watu wakiita hili kushusha viwango, lakini kiwango cha kozi ni uelewa wa jambo lenyewe, na kijana anayeweza kuufafanua mfumuko wa bei kwa Kiswahili fasaha kisha akauandika kwa Kiingereza ameuelewa mara mbili.

Sasa pingamizi. La kwanza, na lenye haki kuliko yote, ni bando. Mwanafunzi anayepiga hesabu ya mlo wa jioni hawezi kuambiwa anunue intaneti ili ahudhurie somo ambalo ameshalipia ada. Nakubali kabisa. Lakini tuangalie ubao unavyofanya kazi. Hautumi picha ya video; unatuma mabadiliko tu, kwamba mstari umeanzia hapa ukaishia pale, kwamba neno hili limeongezwa. Kwa hiyo saa moja ya kuandika ubaoni hula data kidogo mno ukilinganisha na saa moja ya somo kwa video. Uzito upo zaidi pale programu inapofunguka mara ya kwanza, na hapo ni kweli baadhi ya programu za kibiashara huielemea simu ya bei nafuu. Dawa ni mbili. Kifaa kimoja kwa kikundi cha watano, ambayo pia ndiyo njia bora ya kuwafanya wazungumze, na Wi-Fi ya chuo inayofika kwenye safu ya mwisho ya ukumbi. Mitandao ya elimu na utafiti ipo: TERNET Tanzania, KENET Kenya, RENU Uganda. Mara nyingi intaneti inafika chuoni lakini haifiki kwenye kiti cha mwanafunzi. Fedha za skrini moja kubwa zinaweza kwenda kwenye hatua hizo za mwisho. Hata umeme ukikatika, projekta itazimika, lakini simu zenye chaji zitaendelea, ilimradi Wi-Fi nayo ina umeme wa akiba.

La pili ni hofu kwamba tutajifunga kwa kampuni za nje, na hofu hiyo ina mfano wa juzi juzi. Google ilianza kuuza Jamboard mwaka 2017, kifaa chenye bei ya karibu dola 5,000, pamoja na programu yake ya bure iliyoenea sana kwa walimu wakati wa korona. Tarehe 31 Desemba 2024 huduma hiyo ilifungwa. Aliyekuwa amejenga kozi nzima juu yake alilazimika kuhamisha kazi zake. Hiyo ni sababu ya kutomkabidhi mtu mmoja ufunguo wa nyumba. BigBlueButton, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carleton nchini Canada mwaka 2007, ni programu huria ambayo chuo kinaweza kuiweka kwenye seva zake chenyewe. Ina ubao ambao mhadhiri anaweza kuwafungulia wanafunzi wote waandike, na tangu 2022 inakuja pamoja na Moodle, mfumo ambao vyuo vingi vya kwetu tayari vinautumia kuweka madesa na asaimenti. Excalidraw nayo ni huria, nyepesi, na kikundi huingia kwa kiungo tu. Wataalamu wa TEHAMA wa vyuoni wanaziweza. Wapewe kazi hiyo.

Wapo watakaosema kazi za vikundi ni mahali pa kubebwa, wawili wanafanya, watatu wanaandikwa majina. Ni kweli, na si kwa wanafunzi wetu tu. Zaidi ya karne moja iliyopita Mfaransa Max Ringelmann alipima watu wakivuta kamba na kukuta kwamba kadiri wanavyoongezeka ndivyo kila mmoja anavyovuta kwa nguvu pungufu. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba uvivu huo hupungua mchango wa kila mtu unapoweza kutambulika. Ubao unaoonyesha nani ameandika nini unafanya hivyo hasa. Lakini jina likionekana, mwenye haya ananyamaza tena! Mvutano huu hauishi kwa kanuni moja. Mhadhiri mwenye busara ataanza bila majina, mawazo yamwagike, kisha hatua ya kujenga hoja ifanywe kwa majina na ipewe alama. Kuhusu simu kuwapeleka vijana kwenye mitandao ya kijamii, mwanafunzi aliyechoshwa na mhadhara tayari yuko huko.

Pingamizi la wahadhiri wenyewe ndilo linalonisumbua zaidi. Kuandaa ubao wenye kazi nzuri huchukua muda kuliko kufungua slaidi za mwaka jana. Mwenye kozi tatu na wanafunzi mia nne kwa kila kozi ana haki ya kuuliza muda huo atautoa wapi, hasa akijua kwamba atapandishwa cheo kwa machapisho yake zaidi kuliko kwa namna anavyofundisha. Kumwambia apende kazi yake ni kumtukana. Vyuo vinapaswa kuuhesabu muda wa maandalizi katika mzigo wa kazi, kuwapa wasaidizi wa semina mafunzo ya kusimamia ubao, na kuruhusu wahadhiri wa idara moja wagawane mbao zilizokwisha kuandaliwa ili asiwepo wa kuanza upya kila muhula. Mhadhiri pia ajue kwamba wanafunzi wenyewe huenda wakalalamika mwanzoni. Utafiti uliofanywa Harvard kwenye kozi za fizikia, uliotolewa mwaka 2019 na Louis Deslauriers na wenzake, ulikuta wanafunzi wa madarasa ya kushiriki wamejifunza zaidi huku wao wakihisi wamejifunza kidogo. Mhadhara mzuri humfanya msikilizaji ajione ameelewa. Kukwama ubaoni kunauma, na maumivu hayo wengi huyaita kutofundishwa. Afadhali kuwaeleza hilo siku ya kwanza.

Niongeze na hili la akili unde. Insha ya kikundi iliyokuwa ikichukua wiki sasa inaandikwa na mashine kabla chai haijapoa, na mhadhiri anayepokea kazi iliyokamilika hana namna ya kujua nani alifikiri. Ubao uliojazwa darasani, ukiwa na njia zake zilizopotea, mishale iliyogeuzwa na maswali yaliyoandikwa pembeni, unaonyesha safari. Tukitaka kuendelea kupima fikra za vijana hawa, tupime safari hiyo.

Si kila darasa linahitaji ubao huu. Semina ya watu kumi na wawili wakizunguka meza moja itatosheka na karatasi ya manila na kalamu za rangi, na mhadhiri asione aibu. Hesabu ndefu bado hufuatwa vizuri zaidi mkono wa mwalimu unapoandika hatua kwa hatua. Ubao wa pamoja una mahali pake hasa katika yale madarasa makubwa ya mwaka wa kwanza na wa pili, ambako vijana wengi hupotea kimya kimya.

Ninyi wahadhiri wa madarasa hayo, muhula ujao chagueni mada moja tu ambayo kila mwaka huwashinda wanafunzi, muiwekee ubao mmoja na kazi moja iliyofikiriwa vizuri, mwone kinachotokea. Na ninyi wajumbe wa bodi za zabuni, kabla hamjasaini mkataba wa skrini nyingine, ingieni kwenye ukumbi wenyewe, mpande hadi safu ya mwisho, mkae na simu ya kawaida mkononi, kisha mjaribu kuandika ubaoni kutoka hapo.